Maswali yenu ya mziki: The Specials, Coventry na ule wimbo wa Mandela

Swali: Kaka mambo, mshikaji wangu kila nikimpigia The Specials, ile bendi ya ska ya Uingereza, ananiambia hao ni wazungu waliokopi mziki wa Wajamaika, na eti siasa zao ziliishia kwenye mistari. Nimjibu nini? (Msomaji, Tabata, Dar)

Jibu: Poa ndugu yangu. Kwanza haikuwa bendi ya wazungu watupu. Lynval Golding wa gitaa na Neville Staple wote wamezaliwa Jamaika wakaenda Uingereza wakiwa wadogo, na mzee Rico Rodriguez aliyewapulizia tromboni alikuwa anarekodi na Wajamaika tangu kina Terry Hall, mwimbaji wa bendi, ni watoto, sasa hapo nani kamkopi nani?

Hiyo ya siasa kuishia kwenye mistari ndiyo siikubali kabisa. Coventry, mji wao huko Uingereza, ni mji wa viwanda vya magari, na kuanzia mwisho wa miaka ya 70 viwanda vikawa vinapunguza watu, vijana wanashinda mtaani hawana kazi, halafu National Front, chama cha wabaguzi, wanapita wanawajaza vijana wa kizungu kwamba shida zenu zote zimeletwa na huyo mweusi na huyo Mhindi jirani yenu. Na baadhi ya vijana hao hao ndio walikuwa wanajaa kwenye shoo za The Specials! Bendi ingeweza kula kiingilio chao ikanyamaza. Hawakunyamaza. Jerry Dammers mpiga kinanda akaanzisha lebo ya 2 Tone mwaka 1979, nembo yake miraba myeusi na myeupe pamoja na jamaa wa suti na kofia aliyechorwa kutokana na picha ya Peter Tosh enzi za Wailers, yaani ujumbe unauona hata kabla sahani haijaanza kuzunguka.

Mwaka 1980 Golding alipigwa vibaya na wabaguzi London, akatunga wimbo anawauliza waliompiga, kwa nini? Aprili 1981 mwanafunzi mmoja wa asili ya Asia akauawa katikati ya Coventry. Tarehe 20 Juni The Specials wakapiga tamasha la kupinga ubaguzi kwenye uwanja wa hapo hapo mjini kwao, siku ambayo National Front nao walishatangaza maandamano yao. Bendi kubwa kama ile ingeweza kwenda kupiga popote penye hela na usalama, wao wakabaki nyumbani siku ambayo watu wengi walikuwa wanaogopa hata kutoka.

Julai wimbo wao Ghost Town, yaani mji wa mizuka, ukashika namba moja Uingereza wakati Toxteth kule Liverpool na Moss Side ya Manchester zinawaka moto kwa ghasia. Sikiliza zile sauti zinazolia kama mizuka halafu tromboni ya Rico inaingia taratibu, unaona kabisa mji ambao kumbi zimefungwa na vijana hawana pa kwenda. Mwaka huo huo bendi ikavunjika, Hall, Golding na Staple wakatoka.

Swali: Habari za kazi kaka. Ule wimbo wa Free Nelson Mandela ni wa hao hao? Na ulisaidia kweli au ni sifa tu? (Mwalimu, Morogoro)

Jibu: Nzuri mwalimu. Ndiyo, ni wa 1984, Dammers na waliobaki wakiitwa The Special AKA. Mwaka 1983 Dammers alienda kwenye tamasha London la kumwadhimisha Mandela, huko ndiko akajua habari zake vizuri, mpaka kile kisa cha viatu Mandela alivyopewa gerezani vikambana miguu, kimo ndani ya wimbo.

Waliomtoa Mandela ni Waafrika Kusini wenyewe kwa mapambano yao, na nyie Morogoro mnajua zaidi maana ANC, chama cha Mandela, walikuwa na shule yao hapo Mazimbu. Ila kijana wa Uingereza ambaye hajawahi kulisikia hilo jina akajikuta analiimba disko, na Dammers hakuishia hapo, akasimamia Artists Against Apartheid, umoja wa wasanii wa kupinga ubaguzi wa Afrika Kusini, wakafanya tamasha la bure Clapham Common 1986 watu wakafurika. Kwangu mimi huo ni msaada, tena mkubwa.

Swali: Mimi ska na reggae nasikia kitu kimoja, tofauti ni gani, na nianze na albamu gani? (Msomaji, Mombasa)

Jibu: Ska ndiyo ilitangulia, inakimbia na tarumbeta zimejaa. Kufika 1966 wakapunguza mwendo ikawa rocksteady, na kwenye 1968 hivi ikazaliwa reggae, besi nzito, gitaa linakatakata katikati ya mapigo. Anza na albamu ya kwanza ya The Specials ya 1979, studio alisimamia Elvis Costello, halafu uende kwa Steel Pulse wa Birmingham, ile Handsworth Revolution ya 1978, hapo utaisikia tofauti mwenyewe.