Kanuni za kufundisha zikae wapi ndani ya programu?

SWALI: Ndugu wahariri, pamoja na mwenzangu wa informatiki tunatengeneza programu ya kuwazoeza watoto wa shule ya msingi kutoa namba. Hesabu inazijua, lakini mtoto akikosea inarudia tu «Si sahihi, jaribu tena». Ifanywe nini ili ifundishe?
Mwalimu, Kadutu, Bukavu

JIBU: Mwalimu, programu yenu inajua kutoa, haijui kufundisha kutoa. Hayo ni maarifa mawili, na kila moja likae kwenye faili lake. William Clancey alifanya hivyo huko Marekani miaka ya 1970, alipojenga GUIDON juu ya MYCIN, programu ya kutambua magonjwa ya maambukizo. MYCIN ilikuwa na kanuni za tiba zipatazo 450. Yeye akaongeza kama 200 za kufundisha, zikiwa kando. Hata hivyo zile za tiba zilimsumbua: zilifikia jibu sahihi bila kubeba sababu, na sababu ndiyo mwanafunzi anayoitaka.

Anzeni na makosa yenyewe. Mpeni mtoto 53 − 27. Akiandika 34, ametoa 3 kwenye 7, yaani ndogo kwenye kubwa. Akiandika 36, ameazima kumi akasahau kupunguza makumi. Msitumie 52 − 27: makosa yote mawili yanaleta 35, na programu haitajua imsaidie wapi. Kuchagua zoezi vizuri ni nusu ya kazi, na wengi wanalipita haraka.

Kisha andikeni kanuni kama hii: ikiwa jibu ni 34, uliza «3 inatosha kutoa 7?», akikwama, mkumbushe kuazima, akikwama tena, mwoneshe hatua, kisha mpe zoezi jingine la aina hiyo. Wekeni muda kidogo kati ya vidokezo, la sivyo watoto watabofya mpaka jibu litoke.

Kila stadi iwe na namba ya uwezekano kwamba mtoto ameishika. Mkianza na 0,3, kukisia (kupata bila kujua) 0,2, kuteleza (kukosea ingawa anajua) 0,1, na kujifunza kwa kila zoezi 0,2, majibu 3 sahihi mfululizo yanaivusha namba hiyo 0,95. Hapo apite mbele. Kuteleza kusiwe 0, maana kosa moja la haraka litafuta yote aliyoonesha.

Hifadhini namba hizo baada ya kila jibu, si mwisho wa somo: umeme ukikatika, mtoto aendelee alipoishia.