Wasomaji mnauliza: Riwaya za kwenye simu nizipate wapi, na nianze na ipi?

Mwezi huu karibu maswali yote ni ya vitabu, nimefurahi kweli maana nimezoea kuulizwa mambo ya wakwe na vikoba. Mengi yanafanana kwahiyo nimechagua machache, ukiona swali la mwenzio linaendana na lako basi jua na wewe umejibiwa humohumo.

SWALI: Shikamoo anti. Mi nipo Mbeya, nina simu ya kawaida tu ya Android na memori imejaa picha. Nasikia riwaya za zamani za Kiingereza zipo bure mtandaoni ila kila nikigugo naletewa masaiti ya ajabu yanataka namba ya kadi. Kuna sehemu ya uhakika kweli? Na bando litatosha?

JIBU: Marahaba mwanangu. Sehemu ipo na ni ya siku nyingi, inaitwa Project Gutenberg. Ilianza 1971 huko Marekani, kijana anaitwa Michael Hart alipata nafasi ya kutumia kompyuta ya Chuo Kikuu cha Illinois, enzi hizo kompyuta ni dude la kujaza chumba, akaamua kuchapa humo Azimio la Uhuru wa nchi yao ili anayetaka asome, na ndo ikaendelea hivyohivyo, watu wanajitolea kitabu baada ya kitabu na sasa vimeshapita 70,000. Hujisajili, hutoi kadi, hutoi namba ya simu. Saiti ikikwambia kitabu ni cha bure halafu inaomba kadi, toka hapo mbio.

Bure yake siyo ya wizi, hati miliki ndo imeisha. Kwa Marekani vitabu vya zamani vinalindwa miaka 95 tangu vichapishwe, kwahiyo kila tarehe 1 Januari kuna kundi jipya linafunguliwa, The Great Gatsby ya 1925 kwa mfano ilifunguliwa Januari 2021. Ndo maana hutakuta humo riwaya iliyotoka juzi, usijisumbue kuitafuta.

Sasa sikiliza hapa kwenye kudaunlodi, wengi ndo wanapochemka. Ukifungua ukurasa wa kitabu utaona mafaili ya aina kadhaa, wewe chukua EPUB, na ukikuta kuna lenye picha na lisilo na picha chukua lisilo na picha. Riwaya nzima ya maandishi matupu mara nyingi haifiki hata MB 2, kwenye simu yako kuna picha moja ya harusi ina uzito kuliko hiyo, kwahiyo bando usiliogope. PDF achana nayo kwa kioo kidogo. PDF ni ukurasa ulioganda, inabidi uuvute kwa vidole viwili ndo herufi zisomeke, halafu mstari ukiisha unausukuma urudi kushoto kutafuta mstari unaofuata, ukifika ukurasa wa tatu umechoka unasema kitabu kibaya kumbe tatizo ni faili. EPUB maneno yanajipanga yenyewe kufuata kioo, ukikuza herufi yanajipanga upya, unatelezesha kidole tu. Ya kufungulia tumia apu ya ReadEra, ni ya bure haina matangazo na inafanya kazi bila data, au Google Play Books ambayo kwenye baadhi ya simu unaikuta imeshawekwa.

Halafu kuna Standard Ebooks, hawa mi ndo nawapenda zaidi. Wanachukua maandishi yaleyale ya Gutenberg wanayasafisha, wanarekebisha makosa ya uchapaji na kuweka jalada la kuvutia. Vitabu vyao ni vichache kuliko vya Gutenberg ila ukikikuta unachokitaka kipo kwao, chukua cha kwao.

SWALI: Salaam anti, mimi ni wa Mombasa. Kila orodha ya vitabu vya kusoma kabla hujafa inataja The Count of Monte Cristo, nikaishusha, nikafika sura ya nne usingizi ukanichukua. Crime and Punishment ndo kabisa, yale majina ya Kirusi yalinishinda. Na skuli nilikuwa nampenda sana Bwana Msa, yule mpelelezi wa riwayani! Au mimi si mtu wa kusoma?

JIBU: Aisee sura ya nne! Ya tano ndo jamaa anakuja kukamatwa kwenye karamu yake mwenyewe, bibi harusi mtarajiwa yuko pembeni. Ungevumilia kidogo tu.

Lakini sikulaumu, nazilaumu orodha. Mtu ametoka kwenye mambo yake anataka burudani anapewa kitabu cha sura 117 eti kwa sababu ni kikubwa cha dunia. Tena ile haikuandikwa imezwe yote kwa mpigo, Alexandre Dumas alikuwa anaitoa vipandevipande gazetini Paris kuanzia 1844 hadi 1846, wasomaji wanasubiri itaendelea kama sisi tunavyosubiri hadithi za mitandaoni. Isome hivyo, sura moja moja usiku, weka chini. Jambo lingine ambalo hizo orodha hazisemi, ile tafsiri ya bure ni ya Kiingereza cha miaka hiyohiyo ya 1840, kigumu kama ubao. Robin Buss alitafsiri upya mwaka 1996, inasomeka vizuri kuliko hiyo ila ya Buss ni ya kununua. Ukiona kitabu cha Kifaransa au Kirusi kinakushinda usikimbilie kujilaumu, angalia kwanza nani alikitafsiri na lini.

Wewe umeshanipa jibu mwenyewe, umesema Bwana Msa. Basi anzia hapohapo. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla ilitoka 1960, na Bwana Msa na kiko chake na rafiki yake Najum pembeni wana damu moja na Sherlock Holmes, mpelelezi wa riwaya za Kiingereza, na rafiki yake Dokta Watson, hilo hata wahakiki wanasema. Kwahiyo nenda kachukue The Hound of the Baskervilles ya 1902, ni ya huyohuyo Holmes, ipo bure, si nene, kuna mbwa wa kutisha kuna ukungu kuna urithi, hutalala. Ukiimaliza kuna hadithi fupi za Holmes kibao, moja unamaliza ukiwa kwenye foleni ya feri pale Likoni. Ukitaka mambo ya kuogofya zaidi chukua Dracula ya 1897, hiyo imeandikwa kwa barua, shajara na vipande vya magazeti, kila kipande kina tarehe yake kuanzia tarehe 3 Mei, na tangu 2021 kuna jarida la barua pepe linaitwa Dracula Daily linakutumia kila kipande siku ya tarehe yake. Ni bure, unajiunga kwa imeili tu, na siku nyingine ni aya chache zinakwisha kabla chai haijapoa.

Njia hiyo inafanya kazi kwa yeyote. Chukua kitabu kimoja cha skuli ambacho ulikipenda kikweli, siyo kile cha mtihani, halafu uliza kina undugu na nani. Aliyevutiwa na Nagona na Mzingile za Kezilahabi, zile ambazo darasa zima lilikuwa linalalamika hazieleweki, huyo mpe The Metamorphosis ya Kafka ya 1915, mtu anaamka asubuhi amegeuka mdudu, ni fupi sana. Wa Rosa Mistika mpe Jane Eyre.

Na majina ya Kirusi ni rahisi, la katikati ni la baba tu, Rodion Romanovich ni Rodion wa baba Roman, mambo ya kina Ali wa Juma tunayajua sisi. Yaandike kwenye karatasi na majina yao ya utani pembeni, matatu manne ya mwanzo yanatosha.

SWALI: Habari anti, niko Columbus, Ohio. Riwaya za Kiswahili nilizonazo kichwani ni za shule tu, Kuli, Utengano, basi. Nataka za sasa hivi na nataka softikopi, kusafirisha kitabu kutoka Dar ni ghali kuliko kitabu chenyewe.

JIBU: Nzuri ndugu yangu, pole na baridi. Nisikudanganye, kwa Kiswahili softikopi bado ni chache, riwaya nyingi nzuri zipo kwenye karatasi peke yake na hili linaniudhi kila siku, ina maana msomaji ana hela mkononi na hana pa kuipeleka.

Ila siyo kwamba hakuna kabisa. Kuna African Books Collective, wapo Oxford, wanasambaza nje vitabu vya wachapishaji wa Afrika wakiwemo Mkuki na Nyota wa Dar. Tafuta jina la kitabu kwao uone kama kipo cha kidijitali, na kama ni cha karatasi tu wana utaratibu wa kuchapa nakala kwa oda kwahiyo hakitoki Dar. Cha kutafuta kwanza kwa maoni yangu ni Peponi, ni Paradise ya Abdulrazak Gurnah, yule mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Nobel 2021, imetafsiriwa na Ida Hadjivayanis ikatoka 2022. Kuna raha fulani kuisoma kwa Kiswahili, wale watu wa msafara na yule kijana Yusuf wanaongea lugha ambayo wangeongea kweli. Baada ya hapo Vuta N'kuvute ya Adam Shafi ya 1999, kama uliona filamu yake ya 2021 kitabu bado kina mengi. Kwa waandishi wapya zaidi fuatilia washindi wa tuzo, ile ya Mabati-Cornell ambayo siku hizi inaitwa Safal-Cornell, na ile ya Mwalimu Nyerere inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Mmeza Fupa ya Ali Hilal Ali mi niliijua kupitia tuzo.

Halafu una kitu ambacho sisi huku hatuna: kadi ya maktaba ya mji wako. Iweke kwenye apu ya Libby, unaazima vitabu vya kidijitali bure, muda ukiisha kinajirudisha chenyewe hakuna faini. Kiswahili humo usitegemee sana, ila riwaya za Gurnah, za Chimamanda, za Ngũgĩ kwa Kiingereza hutazikosa, kama kuna mtu kaazima unajiweka foleni.

SWALI: Anti kuna jamaa kwenye Telegramu anauza PDF za riwaya za Kiswahili, zote kwa buku mbili. Nichukue?

JIBU: Hapana. Zile ni picha za kurasa zilizopigwa kwa simu, nusu zimekatwa pembeni, na mwandishi hapati hata shilingi. Buku mbili hiyohiyo mpe mwandishi anayeuza hadithi yake mwenyewe WhatsApp, wapo wengi, unamlipa kwa simu anakutumia mwendelezo.

SWALI: Ninunue Kindle, kile kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu, au simu inatosha?

JIBU: Simu inatosha. Maliza kwanza riwaya kadhaa kwenye simu, ukiona macho yanauma ndo ufikirie Kindle, kioo chake hakipigi mwanga machoni kama simu na chaji inakaa wiki kadhaa. Tangu 2022 unaweza kujitumia EPUB kwa Send to Kindle, huduma ya Amazon ya kutuma mafaili kwenye Kindle yako, kwahiyo vya Gutenberg vyote vinaingia. Ukinunua ya mtumba, kabla hujatoa hela hakikisha muuzaji ameiondoa kwenye akaunti yake, na mwambie aiwashe mbele yako uifungulie akaunti yako hapohapo.