Weusi ndani ya chungu

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafinyanga udongo mwekundu hapa Moshi. Chungu kikivunjika, katikati ni cheusi, vingine vimevimba. Niubadili udongo? – Mfinyanzi, Majengo

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiutupe! Wekundu huo ni oksaidi ya chuma, hematiti. Tanuri likikosa hewa, kaboni iliyomo udongoni huinyang'anya oksijeni. Oksaidi hiyo inakuwa nyeusi na kuulainisha udongo mapema, gesi inanaswa, chungu kinavimba. Kati ya nyuzi 700 na 900 panda polepole, matundu ya hewa wazi, hasa kwa vyungu vinene.

Chuma hichohicho kwenye glezi, yaani ule mpako wa kioo juu ya chungu, ni hazina. Katika moto mkali wenye hewa haba, asilimia 1 au 2 hutoa kijani tulivu. 8 hadi 10, weusi wenye ukahawia. Huo ndio niupendao mno.