Maswali ya Wasomaji: Faida ya Mali Ambayo Haijauzwa

SWALI: Ndugu Mhariri, ninamiliki hisa chache katika kampuni ya uwekezaji. Katika taarifa yake ya mwaka nimeona faida kubwa iliyoelezwa kuwa inatokana na mabadiliko ya thamani ya haki, ilhali taarifa hiyo hiyo inasema kampuni haikuuza kitu chochote mwaka huo, na gawio letu halikuongezeka. Faida hiyo iko wapi, na ni nani aliyeipima?

JIBU: Ndugu msomaji, faida hiyo imo vitabuni na huenda ni ya kweli kabisa, ila bado haijawa fedha taslimu, na bodi nyingi husita kugawa kisichokuwa mkononi. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu, IFRS 13, kilichotolewa mwaka 2011 na kuanza kutumika Januari 1, 2013, kinasema kwamba thamani ya haki ni bei ambayo kampuni ingepokea kwa kuuza mali, au ingelipa kwa kuhamisha deni, katika mauziano ya kawaida yasiyo na shinikizo kati ya washiriki wa soko, siku ile ya kupima. Uzito wote wa maana hiyo umebebwa na kiambishi "-nge-": hakuna aliyeuza, na bei ambayo kampuni ilinunulia mali hiyo miaka iliyopita haihusiki tena.

Anayepima ni uongozi wa kampuni, kisha mkaguzi wa nje huupitia upimaji huo. Ugumu wa kazi hiyo hutegemea ngazi ambayo mali imepangwa, kati ya ngazi tatu zinazotajwa na kiwango hicho. Ngazi ya kwanza haina ubishi. Kampuni yenye hisa 10,000 zinazouzwa kwenye soko la hisa lenye wanunuzi na wauzaji wa kutosha, ambazo bei yake siku ya kufunga hesabu ni 50, huandika 500,000, na hairuhusiwi kupunguza tarakimu hiyo kwa hoja kwamba kuzimwaga hisa zote sokoni kwa mkupuo kungeshusha bei. Ngazi ya pili hutumia taarifa nyingine zinazoonekana sokoni, kama vile viwango vya riba au bei za hatifungani (hati za mkopo zinazolipa riba) zinazofanana na ile inayopimwa.

Ngazi ya tatu ndiyo ya kuisoma polepole, kwa sababu hapo angalau kigezo kimoja chenye uzito katika hesabu hakionekani sokoni, na kampuni hulazimika kukikadiria yenyewe. Tuchukulie hisa za kampuni isiyoorodheshwa kwenye soko lolote, zinazotarajiwa kuingiza 100 kila mwaka bila kikomo. Mpimaji akitumia kiwango cha punguzo, yaani asilimia inayogeuza mapato ya baadaye kuwa thamani ya leo, cha asilimia 10, thamani yake ni 1,000. Akitumia asilimia 12.5, inakuwa 800. Moja ya tano ya thamani imeyeyuka bila biashara yenyewe kubadilika hata chembe. Ndiyo maana kampuni inatakiwa kutaja mbinu na vigezo ilivyotumia, kuonyesha jinsi salio la ngazi hiyo lilivyotoka mwanzo wa mwaka hadi mwisho, na kueleza thamani ingebadilika kiasi gani iwapo makadirio mengine yanayowezekana yangetumika. Kwa maoni yangu, ukurasa huo wa maelezo una manufaa kwa mwanahisa kuliko barua ya mwenyekiti. Ikiwa sehemu kubwa ya faida uliyoiona imetoka ngazi ya tatu, uliza katika mkutano mkuu ni kigezo gani kilichobadilishwa mwaka huu, na kwa nini.

SWALI: Kampuni mbili zina hatifungani za aina moja, zilizonunuliwa siku moja kwa bei moja, lakini mizania zao zinaonyesha thamani tofauti. Je, mojawapo imekosea?

JIBU: Si lazima. IFRS 9, kiwango cha uhasibu cha mali na madeni ya kifedha kilichoanza kutumika Januari 1, 2018 badala ya kile cha zamani, IAS 39, hutazama mambo mawili: iwapo malipo ya mkataba ni mtaji na riba tu, na kampuni inaishikilia hatifungani kwa lengo gani. Tuseme zilinunuliwa kwa 1,000, kisha riba sokoni zikapanda na bei ikashuka hadi 940. Kampuni inayokusudia kukusanya riba na mtaji hadi hatifungani iive itaendelea kuandika karibu 1,000, ikipunguza tu makadirio ya hasara ya mkopo, yaani kiasi ambacho huenda mkopaji asikilipe. Inayoinunua ili kuiuza itaandika 940, na hasara ya 60 itaingia moja kwa moja kwenye faida na hasara. Kuna na ya tatu, inayokusanya na pia kuuza: nayo huandika 940, lakini ile 60 hukaa kwenye mapato mengine jumuishi, sehemu ya taarifa iliyo nje ya faida na hasara, hadi hatifungani itakapouzwa, ndipo ihamie kwenye faida na hasara. Uhamisho huo haupo kwa hisa ambazo kampuni imechagua kupeleka mabadiliko ya thamani yake kwenye mapato hayo mengine jumuishi. Hata zikiuzwa, faida au hasara hiyo haipiti tena kwenye faida na hasara.

Kwa ile kampuni ya kwanza, 940 haijafichwa. IFRS 7, kiwango kinachohusu maelezo ya mali na madeni ya kifedha, inaitaka iitaje thamani ya haki kwenye maelezo ya taarifa za fedha, isipokuwa pale inapokaribiana na kiasi kilichoandikwa kwenye mizania.