Dari ya Bafu Inayodondosha Maji Wakati Mvua Hakuna

MAFUNDI WANAJIBU

SWALI: Habari za kazi, mafundi. Nakarabati bafu la ndani, futi 6 kwa 8. Dari ya zamani ilikuwa siling bodi nyembamba. Imevimba katikati na kufanya madoa meusi pembeni. Juu yake ni bati tupu. Fundi wa kwanza anataka kupiga jipsamu na konishi ili ifanane na sebule, wa pili anasema niweke PVC, ile mikanda ya plastiki. Sisi tunaoga maji ya moto mwaka mzima. Nimsikilize yupi?
– Mama wa watoto wanne, Uyole, Mbeya

JIBU: Nzuri, mama. Msikilize wa pili, konishi ziachie sebule. Jipsamu ni unga mgumu uliobanwa katikati ya karatasi mbili, na karatasi yenye unyevu ni chakula cha ukungu. Hata bodi ya kijani, ile iliyotengenezwa kuvumilia unyevu, hufungwa kwa puti na konishi za kawaida, na mgongo wake unaotazama bati haupakwi kitu. PVC hainywi maji, haihitaji rangi, na doa la sabuni linafutika kwa kitambaa.

Ina udhaifu wake. Joto huilegeza, kwa hiyo taa iwe ya LED yenye kinga ya maji, si balbu ya kuchoma, na mvuke wa shawa ya umeme usiipulize kwa karibu. Pia huficha uvujaji: bati likitoboka, maji hujikusanya juu yake mpaka mkanda mmoja ubonyee. Kagua bati kabla ya kufunga.

Vipimo vyako: mikanda yenye upana wa sentimita 25 ikilazwa kufuata upande wa futi 6, unahitaji vipande 10 vya mita 1.83. Mkanda wa mita 5.8 unatoa vipande 3, kwa hiyo nunua 4. Ukikuta dukani wana ya mita 3 tu, geuza mwelekeo ufuate futi 8: mikanda 8 inatosha, badala ya 10 ambayo kila mmoja ungekatwa zaidi ya mita na kutupwa. Ya pembeni, ile inayozunguka ukuta, ni mita 8.5, chukua miwili ya mita 6.

Blandaringi, yaani mbao za kupigilia dari, za inchi 2 kwa 2 zipite kinyume na mikanda. Kwa mpango wa kwanza ni mistari 6, kutoka katikati ya mmoja hadi mwingine kama sentimita 36. Mbao 5 za futi 12 zilizotiwa dawa zinatosha, vipande vinavyobaki viwe vya kuning'inizia kwenye kenchi za paa. Mafundi wengi huruka hadi sentimita 60 ili kubana mbao, na baada ya mwaka dari inapiga mawimbi.

Kila mkanda ukatwe pungufu milimita 5 kila upande. PVC hutanuka ikipata joto, na iliyobanwa ukuta kwa ukuta lazima ivimbe. Skrubu ziwe zilizopakwa zinki, za milimita 25, moja kwa kila blandaringi, kwenye ule mdomo unaofunikwa na mkanda unaofuata. Zile nyeusi za jipsamu hushika kutu haraka bafuni. Silikoni ya bafuni ipite kati ya mkanda wa pembeni na vigae tu. Ukiijaza kwenye maungio ya mikanda umeifunga isicheze.

Rangi? Nyeupe isiyong'aa. Inayong'aa huonyesha kila tone, na ile ya mistari ya dhahabu huchosha macho kabla deni la ukarabati halijaisha.

Jambo moja usikubali liachwe kwa baadaye: njia ya mvuke. Mwezi wa saba Uyole nani anafungua dirisha la bafu? Weka feni ya inchi 4 ukutani, juu, mbali na mlango. Bafu lako likiwa na kimo cha mita 2.5 lina hewa ya takriban mita za ujazo 11. Feni inayovuta 90 kwa saa inaibadilisha mara nane. Iendelee dakika 15 baada ya kuoga, na chini ya mlango kuwe na uwazi wa sentimita moja au mbili, la sivyo haina cha kuvuta.

SWALI: Salamu, mafundi. Dari yangu ya bafu ni jipsamu, ina miaka miwili. Miezi ya Juni na Julai, asubuhi, inadondosha maji na rangi inabanduka kama maganda. Mvua hakuna! Fundi wa paa ameshapaka silikoni kila kichwa cha msumari, bado. Feni ipo, imetobolewa juu ya dari. Nipake rangi gani?
– Msomaji, Njombe

JIBU: Ndugu, kosa umelitaja mwenyewe bila kujua: feni "imetobolewa juu ya dari". Inatoa mvuke bafuni na kuumwaga darini, chini ya bati. Usiku usio na mawingu bati hupoa kuliko hewa yenyewe, mvuke unageuka kuwa matone, na asubuhi jua likipiga yanashuka. Silikoni ya fundi wa paa haikuwa na kazi ya kufanya.

Hakikisha kwanza. Panda darini alfajiri na tochi. Ukikuta matone yametapakaa chini ya bati lote na kwenye ncha za misumari, ni mvuke. Ukikuta mchirizi mmoja unaoanzia sehemu moja, hapo ni tundu.

Dawa yake: unganisha feni na bomba la inchi 4 lipite mpaka nje ya ukuta, likiinama kidogo kuelekea nje ili maji yanayojikusanya ndani yasirudi kwenye feni. Livishe sufi ya kuzuia baridi. Ziba upenyo wote kuzunguka taa na feni. Kisha ipe dari pumzi: matundu mawili yanayotazamana kwenye kuta za ncha za paa, yenye wavu, maana popo hawabishi hodi.

Ndipo uje kwenye rangi. Ukungu uoshe kwa jiki, sehemu moja kwa nne za maji, uache dakika 15, suuza. Usichanganye na dawa ya choo. Hewa yake ni sumu. Acha ikauke kabisa, kwangua iliyobanduka, piga msasa. Bodi iliyolegea ukiibonyeza kwa kidole gumba haiponi, ikate. Paka mkono mmoja wa andakoti ya mafuta, kisha miwili ya rangi ya mafuta. Rangi ya maji ya bei ya chini, ile inayoacha chaki mkononi, ndiyo iliyokuponza.

SWALI: Huku kwetu paini ndiyo rahisi. Naweza kuitumia kwenye dari ya bafu?
– Kijana anayejenga, Mafinga

JIBU: Unaweza, na ikipigwa vizuri inaishinda PVC kwa sura. Tatizo la mbao za huko ni kwamba nyingi zinauzwa mbichi, zimetoka msumenoni juzi. Ukizipiga hivyo zinasinyaa na kuacha nyufa za kupitisha kidole. Nunua zilizokaushwa kwenye tanuri, au zipange kivulini zenye vijiti katikati mpaka zikauke, kisha zilaze siku kadhaa ndani ya nyumba hiyohiyo.

Vanishi ipakwe pande zote kabla ya kupiga, mgongo, ncha na ulimi unaochomekwa. Fundi akipaka upande wa chini tu, mgongo unakunywa unyevu peke yake na ubao unajikunja. Mikono mitatu, msasa laini katikati. Kama huna feni, sahau paini.

SWALI: Nyumba ni ya zamani, dari ya bafu ni mabamba magumu ya kijivu, kama saruji. Niyavunje?
– Mstaafu, Iringa mjini

JIBU: Shikamoo, mzee. Usiyavunje, usiyakate kwa msumeno wala kuyapiga msasa. Mabamba ya namna hiyo ya miaka ya nyuma mara nyingi yana asbestosi, na vumbi lake huharibu mapafu. Kama hayajapasuka, yaache yalipo. Funga blandaringi mpya chini yake, zishikwe ukutani kwa skrubu na plagi bila kutoboa bamba lolote, kisha piga PVC kama tulivyomweleza mama wa Uyole. Feni ipite ukutani, si darini. Yakiwa yameshapasuka, funga bafu na uulize ofisi ya mazingira ya manispaa jinsi ya kuyaondoa.