Anti Anajibu: Mkoba wa Shemeji wa Ufaransa

SWALI: Anti shikamoo. Mi ni msomaji wako wa kimyakimya ila leo imebidi niandike. Kuna dada anauza vitu used Insta, kapost mkoba, Neverfull ya Louis Vuitton (LV) ile ya kahawia, anasema shemeji yake alimletea kutoka Ufaransa mwaka 2004 na kaibeba kwenye harusi mbili tu, anataka laki nne na nusu. Boksi lipo, kimfuko chake cha kitambaa kipo, risiti ipo, na ndani kuna namba VI0024, kanitumia picha yake. Nikamwambia nije niione akasema yuko Mwanza, nitume nusu anishikie maana kuna watu watatu wanaiulizia. Roho inataka roho inakataa. (Roho Mbili, Tabata)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hiyo inayokataa ndo ina akili, isikilize.

Tuanze na namba maana hapo huyo dada kajikaanga kwa mafuta yake mwenyewe. Watu wengi wanadhani namba ya ndani ya LV ni kama namba ya chasisi ya gari, kila mkoba na yake. Hapana, ilikuwa inaonyesha tu umetengenezwa wapi na lini. Herufi mbili za mwanzo ni kiwanda, na VI ni Ufaransa, mpaka hapo hatujagombana. Kwa mikoba ya 1990 mpaka 2006 unachukua tarakimu ya kwanza na ya tatu unapata mwezi, ya pili na ya nne unapata mwaka. Sasa shika kalamu: 0024, ya kwanza na ya tatu ni 02, mwezi wa pili, ya pili na ya nne ni 04, yani 2004. Inakubaliana na hadithi ya shemeji vizuri kabisa mpaka mkono unaenda kwenye simu kutuma hela, eti? Tatizo ni moja tu, Neverfull imeanza kutoka 2007. Shemeji kanunua mkoba miaka mitatu kabla haujazaliwa, labda ni mganga.

Walichofanya hao mafundi wa feki ni kunakili namba ya mkoba mwingine wa zamani wakaigonga kwenye hii, wala hawakujisumbua kuangalia hii imeanza lini. Kuanzia 2007 kwenyewe hesabu ikabadilika, zile tarakimu mbili zilizokuwa za mwezi zikawa za wiki, na kuanzia Machi 2021 wameacha kabisa kugonga namba, wanaweka chipu ndani usiyoiona. Kwaiyo mtu akikuambia mkoba kanunuliwa mpya dukani mwaka jana alafu anakuonyesha namba iliyogongwa, unaaga. Ila usije ukaichukua hii hesabu ukaifanya hirizi, namba ikigoma umeshapata jibu lakini ikikubali bado hujamaliza, maana namba nzuri nazo zinanakiliwa.

Boksi, kimfuko na risiti usivihesabu kabisa. Vinauzwa vyenyewe huko mitandaoni, boksi tupu lina bei yake, risiti inachapishwa.

Kama mkoba mwingine ukikutamanisha (najua utatamani tena, mi mwenyewe mgonjwa), omba picha zake wewe, sio zile za kwenye peji. Mwambie aandike jina lako na tarehe ya leo kwenye karatasi, aiweke juu ya mkoba, apige karibu na dirisha mchana. Mwenye mkoba kweli anachukua dakika mbili, asiye nao ataanza kukuuliza kwani huniamini. Picha za kwenye peji zipitishe Google Lens, ile ya kutafuta kwa picha, mara nyingi utamkuta mkoba huohuo umekaa kwenye meza ya muuzaji wa Japani.

Kwenye picha yako vuta karibu pale palipogongwa jina. Kwenye LV ogi herufi O ni duara kabisa kama sarafu, mguu wa L ni mfupi, na zile T mbili zinakaribiana sana, karibu kugusana. Feki nyingi O yake imebanwa kama yai. Alafu angalia vishikio: ile ngozi haijapakwa rangi, inaanza nyeupeupe kama andazi bichi na inavyopata jua na jasho la mikono inaenda asali mpaka kahawia. Kinachotakiwa ni ngozi zote zizeeke pamoja, vishikio, vile vipande vya pembeni, ukingo wa juu. Ukikuta kishikio kimeiva na vingine bado vibichi, uliza kwanini. Inawezekana kweli kilibadilishwa, lakini basi awe na maelezo.

Na hela. Laki nne na nusu haifiki dola 200, na Neverfull ya kweli iliyotumika huko Ulaya na Marekani inaenda mamia kadhaa ya dola mpaka kupita elfu, sasa huyo kwanini akuonee huruma wewe? Na asikwambie shemeji aliikuta kwenye punguzo, LV hawana sale wala maduka ya bei poa. Advansi usitume. Mwambie akirudi kutoka Mwanza mkutane sehemu yenye watu, Mlimani City pale mnywe juisi, ushike mkoba, unuse, ufungue zipu ya mfuko wa ndani, ndo utume. Hao watu watatu wanaoiulizia waache waichukue.

SWALI: Nimenunua mkoba wa LV, Speedy used, kwa dada mmoja ofisini, nikaja kugundua upande wa nyuma zile LV zote ziko kichwa chini! Nimeingizwa mjini? (Kichwa Chini, Arusha)

JIBU: Pumua. Speedy ya monogramu, hiyo yenye LV zilizotapakaa, inakatwa kwenye kipande kimoja kinachopita chini ya mkoba bila mshono, kwaiyo upande mmoja zikisimama upande wa pili lazima zilale kichwa chini. Ungeniambia zimesimama pande zote mbili ndo ningeshtuka.

SWALI: Salaam anti. Kuna miwani ya Ray-Ban ya mzee fulani inauzwa online, muuzaji asema ni ya zamani lakini kwenye kioo imeandikwa BL badala ya RB. Niwachane nayo? (Macho Kodo, Mombasa)

JIBU: Usiiwache mbio hivyo kaka. Ray-Ban ilikuwa ya Bausch & Lomb ya Marekani mpaka 1999 ilipouzwa kwa Luxottica ya Italia, ndo kukaja RB, kwaiyo BL kwenye miwani ya mzee ni dalili nzuri tu. Ukiishika pitisha ukucha hapo kwenye ukingo wa kioo, herufi imechongwa, unaisikia. Kama ni wino tu juu ya kioo, mrudishie mzee wake.

SWALI: Mi nimeshapigwa, mkoba ni feki na muuzaji kaniblock. Naweza kumuuzia mtu mwingine nirudishe hela yangu? (Nimelizwa, Mbezi)

JIBU: Hapana. Kuuza feki ni kosa, hapa Tanzania FCC (Tume ya Ushindani) ndo wanaoshughulika na bidhaa bandia na Kenya wana mamlaka yao ya kupambana nazo, sasa wewe uliyelizwa utageuka wa kushtakiwa. Piga skrinishoti za chati, jina la akaunti na meseji ya muamala, peleka polisi na FCC, na upige simu kwa mtandao wako leoleo, maana akishatoa hela kuipata tena ni shughuli. Mkoba wenyewe kama zipu inafunga nenda nao sokoni, unabeba nyanya vizuri tu.