Nilimeza dawa ya kusimamisha miezi minne wakati shida yangu ilikuwa kumaliza haraka

Nina miaka 38, nimeoa, watoto wawili, naishi Dar, na kwa miaka kama saba ya ndoa yangu mambo yalikuwa yanaisha kabla mama watoto hajajua kama yameanza. Leo naweza kutania, wakati ule nilikuwa najifanya nimechoka na kazi, naingia kulala saa sita nikijua yeye keshasinzia.

Sasa tatizo la huku kwetu ni kwamba kila kitu cha mwanaume kinaitwa nguvu za kiume. Hausimami, nguvu za kiume. Unasimama kama mnazi ila dakika moja umeshamaliza, nguvu za kiume. Huna hamu, nguvu za kiume, mke hashiki mimba, nguvu za kiume hizo hizo. Na ugonjwa ukiwa na jina moja basi dawa nayo inakuwa moja, alkasusu, mkuyati, supu ya pweza, vumbi la Kongo, na ukiwa na hela kidogo unaenda famasia ya mtaa wa mbali unasubiri wateja waishe alafu unanong'ona. Mimi nilinong'ona nguvu za kiume. Yule kijana hakuniuliza hata swali moja, akanifungia vidonge vinne kwenye kikaratasi, "bosi, lisaa limoja kabla". Ilikuwa sildenafili.

Sildenafili inafungua mishipa damu ijae, basi, kazi yake ni kusimamisha na mimi kusimama sikuwa na shida kabisa. Kwa hiyo nikawa namaliza dakika ile ile, ila sasa na kichwa kinagonga, pua imeziba na uso unawaka moto. Miezi minne nazidisha tu nikidhani dozi ndogo. (Kuna watu inawasaidia kweli, wale wanaokimbizana kumaliza kwa kuogopa isije ikalala njiani, hao wakitibiwa kusimama na haraka inapungua. Mimi sikuwa huko.)

Kwa daktari nilienda na kikohozi. Nimeshaandikiwa dawa, nimesimama, nimeshika kitasa cha mlango ndio nikasema. Dokta akaniambia "rudi ukae kaka", akaanza kuuliza, tangu lini, ni kwa kila mwanamke au kwa mke tu, inasimama vizuri, dakika ngapi, una mawazo gani, unameza dawa gani nyingine. Kumbe maswali yana maana yake. Kuna waliozaliwa nayo, yaani toka mara ya kwanza maishani wanamaliza ndani ya kama dakika moja, na kuna walioanza ukubwani, walikuwa sawa alafu ikashuka mpaka kama dakika tatu au chini ya hapo. Hawa wa pili daktari anatafuta chanzo, inaweza kuwa tezi ya shingoni imezidisha kazi, tezi dume imevimba, au msongo. Na wapo ambao hawana tatizo lolote ila wameangalia video sana. Mwaka 2005 ulitoka utafiti wa jozi 500 za wapenzi wa nchi 5 waliopewa saa ya kuhesabia, na yule wa katikati kabisa alikuwa dakika 5.4. Dakika tano jamani, sio lisaa kama mnavyodanganyana kijiweni.

Mimi nilikuwa wa kundi la kwanza, nikaandikiwa dapoksetini, miligramu 30. Hii dawa ni ndugu wa dawa za sonona, zile za kina setralini na paroksetini. Wagonjwa waliokuwa wanazimeza walikuwa wanalalamika wanachelewa mno kufika kileleni, madaktari wakaona kumbe kero ya huyu ni dawa ya yule. Ila zile inabidi umeze kila siku na unasubiri wiki moja mbili ndio zishike, na hata kuziacha unaacha taratibu kwa maelekezo ya daktari. Dapoksetini inaingia haraka inatoka haraka, unameza lisaa limoja mpaka matatu kabla, na glasi nzima ya maji, na ni kimoja tu ndani ya saa 24. Ilianza kuruhusiwa Sweden na Finland mwaka 2009 kwa jina la Priligy, Marekani hawakuipitisha.

Matokeo? Mara ya kwanza kichefuchefu tu, nikalala. Mara ya pili nikafika dakika tatu na kitu, nikahisi nimeshinda uchaguzi. Na hiyo ndio hali halisi, kwenye majaribio makubwa watu waliokuwa chini kidogo ya dakika moja walifika karibu 2.8 kwa miligramu 30 na 3.3 kwa miligramu 60, na hata waliopewa kidonge cha uongo kisicho na dawa ndani walisogea mpaka 1.75. Anayekuahidi nusu saa anakuuzia kitu kingine.

Alafu nikafanya ujinga. Harusi ya binamu yangu, nimecheza mpaka shati limeloa, bia tatu, nimefika nyumbani nikameza. Dokta alishasema pombe hapana, nikaona bia tatu sio pombe. Usiku nikaamka ghafla kwenda chooni, nilichokumbuka baadaye ni vigae vya baridi shavuni na waifu anaita jina langu kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia. Hii dawa inaangusha presha, unazimia, hasa ukiwa huna maji mwilini au umekunywa. Ndio maana vile vidonge vya mchanganyiko, sildenafili na dapoksetini ndani ya kidonge kimoja, usinunue kwa kunong'ona, zote mbili zinaweza kushusha presha. Mwenye moyo mbovu au ini bovu aachane nayo. Unayemeza tramadoli, ile dawa ya maumivu (na najua wapo wanaoimeza kwa kazi hii hii), dawa za sonona, vidonge vya fangasi vya ketokonazoli, au ARV zenye ritonaviri, mwambie daktari yote, aibu yako isikuue. Hata juisi ya balungi imo kwenye makatazo.

Krimu ya ganzi nayo nilijaribu, ya lidokeini na prilokeini. Inafanya kazi aisee, ila unapaka, unasubiri kama dakika ishirini, unaosha au unavaa kondomu. Mimi sikuosha, mama watoto akaniuliza mbona na yeye anasikia ganzi kama katoka kung'olewa jino.

Kilichonisaidia zaidi pembeni ya kidonge ni zoezi la kuacha na kuanza tena, la zamani sana, daktari Mmarekani James Semans aliliandika mwaka 1956. Ukikaribia unaacha, unasubiri ipoe, unaendelea. Halifanyiki kwa siri, inabidi mke ajue, na hapo ndio nilimwambia waifu kila kitu mpaka habari ya vile vidonge vya kikaratasi. Akakaa kimya, akasema "miaka saba nilidhani hunitaki".

Siku hizi nameza mara moja moja tu, wiki nyingine simezi kabisa.

Kwa wewe ambaye bado umeshika kitasa, neno nguvu za kiume liache nje. Sema hivi: dokta, nasimama vizuri ila namaliza ndani ya dakika moja, toka nilipoanza. Au: zamani nilikuwa sawa, imeanza mwaka huu.